Zahanati, wodi ya rufaa, hospitali binafsi au ng'ambo: muuguzi mpya aanzie wapi?

Matokeo ya mtihani wa leseni yakishatoka, makundi ya WhatsApp ya waliomaliza uuguzi hugeuka uwanja wa vijembe. Aliyepangiwa zahanati anaambiwa atasahaulika huko porini. Wa hospitali binafsi anaambiwa yeye ni karani wa bima aliyevaa sare. Wa wodi ya rufaa anapewa pole ya mgongo, na aliyeko Riyadh hasemi kitu, anatuma picha ya jengo. Katika kelele hizo, mtu mwenye barua mbili za kazi mkononi, au asiye na hata moja, hapati msaada wowote.

Nitaziweka njia hizo nne kwenye mizani moja. Nazungumzia zaidi Tanzania, na msomaji ninayemfikiria ana stashahada au shahada pamoja na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Leseni ni moja, lakini kazi ya nesi wa zahanati na ya nesi wa chumba cha wagonjwa mahututi zimefanana jina tu. Ndiyo maana anayeuliza kama uuguzi unalipa, au kama ni mgumu, hawezi kujibiwa mpaka aseme anataka kuufanyia wapi.

## Vigezo

Nimechagua vinne. Cha kwanza ni kazi yenyewe: mikono yako inafanya nini kutwa, na nani anaamua. Cha pili ni pesa, na humo nahesabu posho, gharama za maisha na uhakika wa kulipwa kwa wakati. Cha tatu ni saa na mwili: zamu, usiku, mgongo, hatari ya kujichoma sindano. Cha nne ni kupanda, yaani masomo, cheo na ujuzi utakaohama nao.

"Wito" sikuuweka. Siudharau, ila kila mtu huutaja siku ya usaili, na haumsaidii mtu kuchagua kati ya Nachingwea kule Lindi na Mikocheni ya Dar es Salaam.

## Zahanati ya serikali kijijini

Kazi yenyewe. Watu wa mjini hawaijui kazi hii. Zahanati nyingi zina mganga mfawidhi, muuguzi mmoja au wawili, na mhudumu wa afya. Asubuhi unapima wajawazito, unaweka watoto kwenye mizani na kuwachanja, unachoma sindano za uzazi wa mpango, unashona mguu wa aliyejikata na jembe, unagawa dawa. Kabla ya yote hayo umeshasoma kipimajoto cha friji ya chanjo, maana chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, na umeme ukikatika wa kuhangaika ni wewe. Jioni unajaza vitabu vya MTUHA, yaani rejista za takwimu za wagonjwa na huduma, na mwisho wa mwezi wilayani wanasubiri ripoti. Mganga akiitwa semina, zahanati ni wewe.

Halafu kuna leba. Mama anajifungua saa tisa usiku, kondo linatoka, damu haikatiki. Unachoma oksitosini, unasugua mfuko wa uzazi, unatundika dripu, huku mhudumu anapiga 115, namba ya bure ya m-mama, ule mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mpaka gari lifike, wa kuamua ni wewe.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikadiria vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015–16 ulikuwa umekadiria 556. Sababu za kushuka huko ni nyingi, lakini sehemu kubwa ya kazi imefanyika katika vyumba kama hicho, chini ya taa ya sola. Kwa maoni yangu hakuna kona ya uuguzi inayompa kijana uamuzi mwingi kiasi hiki. Hakuna pia inayomwacha peke yake namna hii mambo yakiharibika: mama akifariki, kifo chake kitajadiliwa kikaoni, na aliyekuwa zamu ataulizwa kila dakika ilikwendaje.

Pesa. Muuguzi wa serikali hulipwa kwa ngazi za TGHS, zile za mishahara ya watumishi wa afya serikalini, na wa kijijini hapishani na wa Dar es Salaam aliye daraja lile lile. Wanapopishana ni kwenye matumizi. Nyumba ya mtumishi ikiwepo, kodi unaisahau, na mchele unaununua kwa mkulima mwenyewe. Shida iko kwenye posho. Ya kujikimu unapoanza kazi, na ya kuitwa kazini nje ya saa, hutegemea halmashauri ina nini mfukoni, na zinaweza kuchelewa hadi ukate tamaa ya kuulizia. Fika na akiba. Tena jihadhari na mikopo: mtumishi mwenye hati ya mshahara ndiye anayekopesheka upesi kuliko mtu yeyote kijijini, na wapo ambao mwaka wao wa kwanza wote walipokea mabaki.

Saa na mwili. Kwa ratiba ni kazi ya mchana. Kwa uhalisia, mlango wa nyumba yako ni mlango wa zahanati, na anayeugonga saa nane usiku hana kosa. Mgongo hauumii kama wa wodini, ila upweke upo, hasa kwa kijana aliyekulia mjini. Mwenye mwenza aliyeajiriwa mkoa mwingine ajue kwamba uhamisho ni barua nyingi na subira nyingi zaidi.

Kupanda. Kuna majaribio ya miezi 12, kisha unathibitishwa kazini, na michango yako inakwenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Kwenda masomoni ukiwa kazini kunawezekana kwa kibali cha mwajiri, lakini zahanati yenye muuguzi mmoja humwachia kwa shida. Utakuwa hodari wa ukunga, chanjo na kuongoza watu. Mashine ya kupumulia utaisahau.

Anayeambiwa kijijini atasahaulika amkumbuke Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit nchini Kenya. Mei 2022 alipokea Dubai tuzo ya kimataifa ya wauguzi ya Aster, yenye thamani ya dola 250,000, na kilichomfikisha pale ni kazi yake ya kuelimisha watoto na kupinga ukeketaji katika jamii yake. Ni mmoja kati ya maelfu, sawa. Lakini hakutoka hospitali kubwa ya Nairobi.

Inamfaa anayependa ukunga, anayeweza kuamua bila kutetemeka, na asiye na haraka na mji. Haimfai anayehitaji mtu wa kumwelekeza kila hatua katika miaka yake ya mwanzo.

## Hospitali ya rufaa

Kazi yenyewe. Muhimbili, Bugando, KCMC, Hospitali ya Kanda Mbeya, Benjamin Mkapa ya Dodoma, pamoja na hospitali za rufaa za mikoa. Hapa kazi inakuwa nyembamba na ndefu kwenda chini. Ukipangiwa usafishaji damu wa wagonjwa wa figo, utaijua mashine ile kuliko daktari wa zamu. Ukipangiwa watoto njiti, utajifunza kusoma rangi ya ngozi ya mtoto wa kilo moja. Uamuzi mkubwa ni wa daktari. Wa kwako ni kuona mapema kwamba mgonjwa anabadilika, na kumpigia daktari simu bila kuogopa atakavyokujibu.

Upande wa pili ni wingi wa watu. Wodi imejaa, nesi ni mmoja au wawili, ndugu wanataka maelezo, dawa za saa kumi na mbili bado hazijatolewa zote. Malalamiko ya "manesi wana lugha mbaya" mengi huzaliwa katika saa hizo. Siyatetei matusi. Ila anayedhani yanatokana na tabia tu hajawahi kukabidhiwa wodi nzima usiku. Kama hasira zako ziko karibu, jipime kabla ya kuchagua njia hii.

Pesa. Kwa waajiriwa wa serikali ngazi ni zile zile, na baadhi ya hospitali zenye mapato yake huongeza motisha kidogo. Kodi ya nyumba na nauli hula tofauti yote. Wengi hufidia kwa kufanya pati taimu hospitali binafsi siku za mapumziko, na hapo ndipo uchovu unapozaa makosa ya dozi.

Saa na mwili. Zamu zina mwanzo na mwisho, na ukishakabidhi umekabidhi. Raha hiyo aliyeko zahanati haijui. Lakini kuinua na kugeuza wagonjwa huumiza mgongo, na sindano ni nyingi. Popote utakapokwenda maliza dozi zote za chanjo ya homa ya ini B kabla ya kuanza, na ukijichoma toa taarifa papo hapo: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa unayoona aibu inapunguza kinga yako.

Kupanda. Kwa ujuzi, hapa ndipo penye nguvu zaidi. Uko karibu na vyuo, na njia ya ubobezi iko wazi; MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, kwa mfano, hufundisha uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi kwa ngazi ya uzamili. Uzoefu wa wodi ya rufaa ndio pia unaosomeka vizuri kwenye maombi ya nje ya nchi. Cheo ndicho kigumu, kwa sababu mko wengi kwenye ngazi moja.

Inamfaa anayetaka kubobea na anayejifunza kwa kuona wengine wakifanya. Haimfai anayechoshwa na kutumwa.

## Hospitali binafsi mjini

Kazi yenyewe. Wagonjwa ni wachache kwa kila nesi, vifaa vipo, glavu hazihesabiwi. Lakini mgonjwa ni mteja, na mteja anaweza kuomba aletewe nesi mwingine kwa sababu hukutabasamu. Sehemu ya siku inakwenda kwenye karatasi za bima: huduma usiyoiandika sawasawa hailipwi, na utaulizwa. Wengine huona hayo ni udhia. Wengine hujifunza hapo nidhamu ya kumbukumbu ambayo hawangeipata kwingine.

Pesa. Hakuna kanuni moja. Hospitali kubwa zinaweza kulipa kuizidi serikali, na kliniki ndogo za mitaani hulipa kiasi ambacho nesi angekikataa kama asingekuwa na njaa. Uliza malipo ya jumla na yanayobaki baada ya makato, na uulize kama michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi, inapelekwa kweli. Pia elewa pesa ya hospitali yenyewe inatoka wapi. Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kwa mvutano juu ya bei za kitita kipya cha mafao. Hospitali inayoishi kwa mfuko mmoja wa bima inatikisika mfuko huo ukipiga chafya, na wa kwanza kupunguzwa ni wenye mikataba mifupi.

Saa na mwili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi, na inashangaza ni wauguzi wangapi hawajawahi kuifungua. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na hazitakiwi kuvuka 50 katika wiki nne. Kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Zamu ya saa 12 inaruhusiwa kwa makubaliano ya maandishi, na likizo ya mwaka ni siku 28. Kabla ya kusaini, tafuta mambo hayo kwenye mkataba kwa kidole. Usipoyaona, uliza kwa upole. Jibu utakalopewa litakuonyesha mwajiri ni wa namna gani.

Kupanda. Mwenye bidii anaweza kuwa mkuu wa wodi mapema, bila kusubiri muundo wa utumishi. Masomo kwa kawaida ni juu yako, labda hospitali iwe na chuo chake. Mikataba ni ya mwaka mmoja au miwili.

Inamfaa mwenye familia mjini, anayependa utaratibu, na anayeweza kumvumilia mteja. Ni njia nzuri pia ya kusubiria ajira ya serikali huku mikono ikiendelea kufanya kazi, na kwa mawazo yangu inazidi mbali kujitolea bila malipo miaka nenda rudi, jambo ambalo vituo vingi vimelizoea kupita kiasi.

## Nje ya nchi

Njia hii ina uwongo mwingi, kwa hiyo nitaanza na milango kabla ya vigezo.

Uingereza inakutaka ujisajili kwenye baraza lao, NMC: mtihani wa kompyuta kwanza, kisha wa vitendo uitwao OSCE ukishafika kule, na Kiingereza kwa kiwango cha alama 7 za mtihani wa IELTS, ila kuandika wanakubali 6.5. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na waajiri wa Uingereza hawatakiwi kuja kutafuta watu katika nchi hizo. Wewe kuomba mwenyewe hujakatazwa. Anayekuambia hapa Dar kwamba ametumwa na NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, kuajiri, mwombe barua na uache pesa nyumbani. Kenya ina mkondo wake wa kiserikali kupitia makubaliano iliyotia saini na Uingereza Julai 2021. Viza ya watoa huduma wa majumbani na nyumba za wazee ilifungwa kwa waombaji wapya kutoka nje Julai 2025. Bado kuna madalali wanaoiuza.

Ghuba wana mlango tofauti: vyeti vyako vinahakikiwa na kampuni ya DataFlow, unafanya mtihani wa leseni wa nchi husika kwenye kompyuta kupitia kampuni ya Prometric, na mara nyingi wanataka uzoefu wa hospitali wa miaka miwili hivi. Mkataba wako useme muuguzi. Ukisema mhudumu au msaidizi wa nyumbani, ndiyo kazi utakayoikuta.

Kazi yenyewe. Kule nesi ndiye anayemwogesha mgonjwa, anamlisha na kumbadilisha, kazi ambazo kwetu hufanywa na mama mkwe na shangazi kando ya kitanda. Uingereza uuguzi na ukunga ni rejista mbili: ukisajiliwa kama muuguzi, leba huikanyagi, hata kama umezalisha mamia. Wakunga wazuri wengi huumizwa na hilo kuliko baridi.

Pesa. Ni nyingi kwa hesabu ya kwetu. Toa kodi ya nyumba, ushuru na anayekusubiri nyumbani kila tarehe 30, kisha ndipo uhesabu. Nchi za Ghuba mara nyingi hutoa makazi na hazikati kodi ya mshahara, kwa hiyo kuweka akiba ni rahisi zaidi kule, ingawa kukaa moja kwa moja si kwa wengi.

Saa na mwili. Zamu za saa 12 na kazi nzito, lakini zipo mashine za kumwinulia mgonjwa.

Kupanda. Miaka ya mwanzo unashuka. Aliyekuwa mkuu wa wodi anaanza tena daraja la 5, la chini kwa muuguzi aliyesajiliwa. Baadaye ngazi zipo na zina utaratibu.

Inamfaa mwenye uzoefu wa wodi, Kiingereza safi cha kuandika, na nyumba inayoweza kukaa bila yeye. Mwenye astashahada aongeze masomo kwanza.

## Kwa hali yako

Kama umemaliza sasa na bado unaogopa mgonjwa anayeporomoka, anza mahali penye watu juu yako: rufaa, au hospitali binafsi yenye wodi za kweli. Zahanati nenda baada ya mwaka, ukiwa umeshaona damu nyingi na mtu wa kukuelekeza alikuwepo. Kama ukunga ndio unaokuamsha asubuhi, geuza ushauri huo: omba kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji, kilicho katikati ya zahanati na hospitali, kisha zahanati.

Mwenye wazazi au wadogo wanaomtegemea leo, asitazame mshahara mkubwa bali ule usiokatika. Hapo ajira ya serikali ina uzito wake, hata kijijini. Kwa wasomaji wa Kenya uzito huo ni mdogo kidogo. Huko mwajiri ni kaunti tangu ugatuzi wa 2013, na mgomo wa wauguzi wa 2017 ulidumu kuanzia Juni hadi Novemba. Ulizia kaunti unayoiomba inalipaje kabla ya kuhama.

Anayelenga ng'ambo apange kwa kurudi nyuma: wodi ya rufaa au ya hospitali binafsi kubwa, miaka miwili au mitatu, barua za uzoefu zenye mihuri, leseni isiyolala hata mwaka mmoja. Muda mrefu wa zahanati utamjenga kama mtu, lakini fomu za kule zinauliza vitanda.

Mwenye watoto wadogo na mwenza mjini, hospitali binafsi yenye ratiba inayojulikana inaweza kumfaa kuliko zote, hata ikilipa pungufu, almradi mkataba uwe na mambo niliyoyataja. Na kama tayari unazo barua mbili, ya kupangiwa kazi serikalini na ya hospitali binafsi, usianze na mshahara. Tazama kwanza tarehe ya mwisho ya kuripoti kwenye ile ya serikali, maana usipotokea, nafasi hiyo inakwenda kwa mwingine wakati wewe bado unaulizia kwenye WhatsApp.